Jiwe na Shahidi: Fani na Ishara za Makaburi ya Kale ya Waislamu katika Pwani ya Afrika Mashariki

Utangulizi

Historia ya fasihi andishi ya Kiswahili kwa kawaida huanzia kwenye miswada. Wahakiki wanapojadili chimbuko lake hutaja barua za Kiswahili za mwanzoni mwa karne ya 18 zilizohifadhiwa Goa, hutaja Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728, kisha huingia katika zama za washairi wa Pate, Lamu na Mombasa. Utaratibu huo una haki yake, kwa kuwa karatasi ndiyo iliyoihifadhi lugha yenyewe. Hata hivyo, umeacha nje kundi kubwa la matini zilizozitangulia karatasi hizo kwa karne kadhaa, nazo ni makaburi ya mawe ya Waislamu wa pwani, kuanzia Mogadishu na Barawa upande wa kaskazini hadi Kilwa upande wa kusini. Makaburi hayo wameachiwa wanaakiolojia, ambao wameyapima, wameyachora na kuyapa tarehe. Wahakiki wa fasihi, kwa upande wao, wameyapita kana kwamba ni mawe matupu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba makaburi hayo ni usemi wenye fani na maudhui, na kwamba usemi huo una nafasi katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Dai kuu ni kuwa maana ya kaburi la jiwe haikai katika jiwe peke yake. Hukamilishwa na sauti ya yule anayelizuru, anayelitaja jina la maiti na anayeomba dua mbele yake. Pale sauti hiyo inapokatika, jiwe hubaki na umbo lakini hupoteza ushahidi wake. Aidha, makala yanadai kwamba mgogoro wa muda mrefu kuhusu asili ya makaburi ya nguzo ulishindwa kutatuliwa kwa sababu uliyatazama makaburi kama vitu, ilhali yalipaswa kutazamwa kama usemi.

Muthara na kumbukumbu isiyo na jiwe

Mahali pa kuanzia mjadala huu ni mbali na bahari. Muthara, katika Tigania, nchi ya Wameru, ni bara. Hapana huko makaburi ya kale ya Kiislamu, wala jamii ya Wameru haikuwa na desturi ya kujengea maiti makaburi ya mawe. Lakini katika simulizi za asili za Wameru, Watigania wakiwamo, kuna nchi iitwayo Mbwaa. Wazee husimulia kwamba mababu waliishi huko wakizungukwa na maji, wakatiwa utumwani na watu waitwao Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu, kisha wakatoroka kwa kuyavuka maji hayo na kuanza safari ndefu ya kuja milimani.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi za wazee wa Meru na kuzichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1993, aliiweka Mbwaa katika kisiwa cha Manda, jirani na Lamu. Wengine wameipokea rai hiyo kwa tahadhari, hasa kwa sababu kisa cha kuvuka maji kinafanana mno na kisa cha Musa. Makala haya hayakusudii kuuamua mgogoro huo. Linalohusika hapa ni jinsi kumbukumbu hiyo ilivyohifadhiwa. Wameru hawakuandika Mbwaa popote. Waliibeba katika masimulizi, na wakapanga wakati wao kwa majina ya marika, kama vile Ratanya, Lubetaa na Miriti, ambayo kila kizazi kiliyapokea na kukabidhi kwa kinachofuata. Mzee wa Muthara aliyetaka kuonyesha kwamba jambo fulani lilitokea zamani hakuelekeza kidole kwenye jiwe. Alitaja rika.

Katika kisiwa cha Manda kwenyewe, ambako Fadiman aliiweka Mbwaa, kumesimama magofu ya mji wa Takwa, na ndani ya magofu hayo kuna mojawapo ya makaburi ya nguzo yanayojulikana sana nchini Kenya. Ulinganisho huu wa Muthara na Manda unaibua swali litakaloongoza mjadala: iwapo jamii moja iliweza kuhifadhi kumbukumbu ya mbali bila jiwe lolote, jiwe lilifanya kazi gani katika jamii iliyolijenga?

Fani ya kaburi

Jibu linapaswa kuanzia kwenye fani, yaani jinsi kaburi lilivyotengenezwa. Malighafi yake ni matumbawe. Mafundi wa pwani walitumia aina mbili: tumbawe gumu la nchi kavu, lililovunjwa na kujengewa kuta kwa chokaa, na tumbawe laini lililokatwa baharini likiwa hai. Hili la pili huchongeka kwa urahisi likiwa bado na maji, kisha huwa gumu likikaushwa na upepo. Kwa hiyo maandishi na nakshi zilichongwa wakati jiwe lilipokuwa laini. Chokaa nayo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo, nayo ilitumika kuunganisha mawe na kupaka lipu nyeupe juu ya ukuta.

Chini ya jengo hilo, maziko yenyewe hayatofautiani na ya Mwislamu yeyote. Maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla, ambacho kwa watu wa pwani ya Kenya na Tanzania kiko kaskazini, hivyo kichwa huwa upande wa mashariki. Huwekwa ndani ya mwanandani, ule ufa unaochimbwa ndani ya shimo la kaburi. Juu ya ardhi ndipo tofauti za fani zinapojitokeza. Makaburi mengi yalikuwa na mawe mawili tu, moja kichwani na moja miguuni. Mengine yalizungushiwa ukuta mfupi wenye pembe zilizoinuka kama ngazi. Mengine, kama yale makubwa ya Ishakani karibu na mpaka wa Somalia, yana ukuta wa mbele uliogawanywa katika vipande vya mraba na mstatili, kila kipande kikiwa kimenakshiwa. Yako yenye kuba. Na yako yenye nguzo, ambayo ndiyo yaliyoshughulisha zaidi fikra za wataalamu.

Makaburi ya nguzo yaliyo mengi ni ya kati ya karne ya 14 na ya 18. Nguzo zake aghalabu huinuka kutoka ukuta wa mashariki, upande wa kichwa cha maiti, na umbo lake hutofautiana: yako ya mviringo, ya mraba, ya pembe sita au nane, na yako yaliyochongwa mifereji wima. Malindi kuna mawili kando ya Msikiti wa Ijumaa. Mnarani, Kilifi, kuna moja la pembe nane karibu na msikiti. Gedi, Mambrui, Kaole karibu na Bagamoyo, Ras Mkumbuu kisiwani Pemba na Tongoni karibu na Tanga, kote huko yapo. Tongoni palikuwa na kundi kubwa kuliko sehemu nyingine nyingi za pwani, ingawa nguzo zake nyingi zimekwisha kuanguka.

Mgogoro wa nguzo

Wataalamu wa karne ya 20 waliuliza swali moja kwa namna nyingi: nguzo hii imetoka wapi? Wako walioiona kuwa ishara ya uume, wakailinganisha na mawe ya ukumbusho yanayosimikwa kusini mwa Ethiopia na sehemu nyingine za Pembe ya Afrika. Wako walioiona kuwa mnara wa msikiti uliofupishwa. Wako waliotafuta asili yake Uajemi au Uarabuni, kwa kuwa fikra ya zama hizo ilikuwa kwamba kila jiwe lililochongwa vizuri pwani lililetwa na mgeni. Peter Garlake, katika utafiti wake wa mwaka 1966 kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani, aliweka msingi wa kuzieleza fani hizo kwa vipimo. Thomas Wilson akafuatia mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa uchunguzi wa makaburi ya kaskazini ya pwani ya Kenya. Kazi ya Mark Horton huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ilionyesha kwamba Waislamu walikuwa wakisali katika misikiti ya pwani hiyo tangu karne ya 8, na kwamba mji huo ulikua hatua kwa hatua kutoka ndani ya jamii ya wenyeji.

Baada ya matokeo hayo ilikuwa vigumu kuendelea kudai kwamba nguzo ni kitu cha kigeni. Ushahidi wa kulinganisha nao unaelekea huko huko. Katika karne ya 14 na ya 15, mji wa Khambhat huko Gujarat ulichonga mawe ya makaburi ya marumaru yaliyosafirishwa mbali kuvuka Bahari ya Hindi, na yako yaliyofika Pasai huko Sumatra na Gresik huko Java. Huko Uturuki, katika zama za dola ya Uthmaniya, mawe ya makaburi yalichongwa kilemba juu yake ili kuonyesha cheo cha marehemu. Waislamu wa kila nchi, basi, walikuwa na namna zao za kuliandika kaburi. Nguzo ya Waswahili haina mwenzake wa wazi katika nchi hizo. Watu wa pwani waliijua dunia iliyowazunguka, walifanya biashara nayo, kisha wakachagua umbo lao na tumbawe lao.

Lakini hata jibu hilo la asili halitoshi, kwa kuwa asili ya ishara si maana yake. Neno linaweza kutoka katika Kiarabu na likawa na maana mpya katika Kiswahili, na hakuna mhakiki anayeuhukumu ushairi kwa asili ya maneno yake pekee. Kwa hiyo yafaa kuuliza wenyeji waliiitaje nguzo hiyo. Jina walilolitumia ni mnara. Kijiji cha Mnarani kilipata jina lake kutokana na nguzo ya kaburi, na neno hilohilo limo katika jina la Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini ya Kilwa. Hapa pana jambo ambalo halijazingatiwa vya kutosha. Misikiti ya kale ya pwani, isipokuwa michache, haikuwa na minara. Mwadhini aliadhini kutoka mlangoni au juu ya paa. Mnara, kama kitu kinachoinuka na kuonekana kwa mbali, ulikuwa mali ya makaburi kabla haujawa mali ya misikiti. Aliyeingia mjini kutoka baharini au shambani alikutana kwanza na minara ya wafu.

Neno la pili linalosaidia ni shahidi. Neno la Kiarabu lililozaa shahidi la Kiswahili hutumika pia, katika nchi nyingi za Kiislamu, kulitaja jiwe linalosimikwa kichwani mwa kaburi. Mzizi wake ndio uleule wa shahada, tamko la imani, na ndio uliomo katika kidole cha shahada, kile kinachoinuliwa wakati wa tahiyatu ndani ya sala. Kwa msomaji aliyelelewa katika msamiati huo, jiwe lililosimama wima kichwani mwa Mwislamu lina uhusiano wa karibu na kidole kilichoinuliwa kutoa ushahidi. Huu nao ni usomaji, na haupaswi kugeuzwa kuwa nadharia nyingine ya asili. Manufaa yake ni kwamba unatoka ndani ya lugha na ibada za watu wenyewe, na kwamba unaliweka jiwe katika tendo la kusema.

Mabakuli na zidaka

Ishara ya pili inayohitaji kusomwa ni vyombo. Katika makaburi mengi, ya nguzo na yasiyo ya nguzo, mabakuli na sahani za kauri kutoka China, na wakati mwingine vyombo vya Uajemi, vilipachikwa ndani ya lipu. Nguzo ya Mambrui ilizungushiwa mabakuli ya China sehemu ya juu. Kaole, mabakuli ya nguzo yaliondolewa na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kunduchi, sahani zilipachikwa katika makaburi ya karne ya 18.

Maelezo mepesi ni kwamba vyombo hivyo vilikuwa mapambo ya matajiri. Maelezo hayo si ya uongo, kwani chombo cha China kilikuwa ghali na kilishuhudia kwamba marehemu alikuwa na mkono katika biashara ya bahari. Lakini mtu aliyeishi katika nyumba ya mawe ya Lamu alivijua vyombo hivyo kwa matumizi mengine pia. Kuta za ndani za nyumba hizo zilijengwa zidaka, safu juu ya safu, na humo ndimo vyombo vya China vilimopangwa. Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za Lamu katika miaka ya 1980, alieleza kwamba vyombo na zidaka hizo vilihusishwa na kinga dhidi ya husuda na madhara, na kwamba vilikaa karibu na sehemu ya ndani kabisa ya nyumba, ambako watoto walizaliwa na maiti walioshwa kabla ya kutolewa kuzikwa.

Ukuta wa kaburi la Ishakani au la Gedi ukitazamwa kwa jicho hilo, vile vipande vyake vya mraba vyenye bakuli katikati hugeuka kuwa zidaka zilizohamishiwa nje. Kaburi limejengwa kwa msamiati wa nyumba. Lugha nayo inashuhudia. Sehemu ya siri ya nyumba huitwa ndani, na mahali anapolazwa maiti huitwa mwanandani. Aliyezaliwa katika ndani huishia katika mwanandani, na vyombo vilivyomkinga alipokuwa mchanga huwekwa tena juu yake atakapokuwa hawezi kujikinga.

Hapo ndipo uhusiano wa makaburi na ushairi unapodhihirika. Katika Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir baada ya Pate kuanguka, mshairi anauonya moyo wake kwa kuuonyesha majumba ya matajiri yaliyokuwa magofu. Miongoni mwa taswira zake ni zidaka za vyombo ambazo sasa ndege wamezifanya viota. Wahakiki wameisoma taswira hiyo kama picha ya uharibifu, na ndivyo ilivyo. Lakini ikisomwa pamoja na makaburi, inapata uzito zaidi. Zidaka zilikuwa kinga na ahadi ya kudumu, nyumbani na kaburini. Mshairi anapozionyesha zimeshindwa kulinda hata vyombo vyake, anaipinga lugha nzima ambayo mji wake ulikuwa umeiandika katika chokaa kwa karne nyingi.

Maandishi juu ya jiwe

Makaburi mengi ya nguzo hayana maandishi. Yale yaliyonayo, hata hivyo, yanatoa matini fupi zenye muundo unaotambulika: tamko la imani au aya ya Kurani, jina la marehemu na nasaba yake, na tarehe ya kufa. Maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani ya Zanzibar ni ya msikiti, nayo ni yale ya Kizimkazi yenye mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107, yaliyochongwa kwa hati ya Kikufi katika tumbawe. Gedi kuna kaburi linalojulikana kwa tarehe yake, mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399, nalo ndilo lililomsaidia James Kirkman, aliyechimba magofu hayo kuanzia mwaka 1948, kuupa mji huo wakati wake. Huko Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mombasa, kaburi limechongwa aya ya 185 ya Sura ya Aal Imran, inayomkumbusha msomaji kuwa kila nafsi itaonja mauti.

Lugha ya maandishi hayo ni Kiarabu, na kwa sababu hiyo wahakiki wa Kiswahili wameyaona kuwa nje ya uwanja wao. Msimamo huo unastahili kuangaliwa upya kwa sababu mbili. Kwanza, majina. Jiwe la kaburi la Mombasa lenye tarehe ya mwaka 866 wa Hijria, sawa na 1462, ni la mwanamke aliyeitwa Mwana wa Bwana. Katikati ya Kiarabu cha ibada limeingia jina la Kiswahili, lenye kiunganishi cha Kiswahili, zaidi ya karne mbili kabla ya mswada wowote wa utenzi unaojulikana. Aliyeliandika alihitaji kuzitohoa sauti za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kazi ileile waliyoifanya washairi wa Pate baadaye. Pili, muundo. Kufungua kwa jina la Mungu, kutaja nasaba, kukumbusha mauti na kufunga kwa tarehe ni mpangilio unaokutwa tena katika tenzi nyingi za zamani, ambazo hufungua kwa bismillahi na mara nyingi hufunga kwa jina la mtunzi na mwaka. Si lazima kudai kwamba utenzi ulizaliwa makaburini. Yatosha kusema kwamba msomaji wa karne ya 18 alikuwa amekwisha kuuzoea mpangilio huo kabla hajaukuta kwenye karatasi.

Fahari na sheria

Makaburi haya yalijengwa na watu walioijua sheria. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwataja watu wa Mombasa kuwa wacha Mungu wa madhehebu ya Shafii. Hadithi iliyomo katika mkusanyiko wa Muslim inasimulia kwamba Ali bin Abi Talib alimtuma mtu kusawazisha makaburi yaliyoinuliwa, na nyingine katika mkusanyiko huohuo inakataza kuyapaka chokaa na kujenga juu yake. Kwa kipimo hicho, nguzo yenye urefu wa mita kadhaa, iliyopakwa chokaa na kupachikwa vyombo vya China, ina jambo la kujibu.

Mvutano huo ndio unaoyapa makaburi maudhui yake mazito. Upande mmoja, kaburi linatangaza: huyu alikuwa mtu, alikuwa na ukoo, alikuwa na mali, na mji huu ni wa watu wake. Katika miji iliyoshindania biashara, kaburi la babu lilikuwa hati ya umiliki. Upande mwingine, maneno yaliyochongwa juu yake yanakanusha tangazo hilo, kwa kuwa yanakumbusha kwamba kila nafsi itaonja mauti, tajiri na maskini. Umbo linainua, maneno yanashusha. Al-Inkishafi imebeba mvutano huohuo, kwani inawakemea wenye fahari kwa ushairi uliojaa vitu vya fahari vilivyoelezwa kwa upendo na ustadi. Mhakiki anayeuona utenzi huo kuwa mahubiri tu anaupunguzia nguvu yake, kama vile mwanaakiolojia anayeiona nguzo kuwa majivuno tu.

Takwa: jiwe na sauti

Kaburi la Takwa ndilo linaloonyesha wazi zaidi jinsi jiwe linavyokamilishwa na sauti. Lina nguzo, na lina maandishi yenye mwaka 1094 wa Hijria, sawa na 1682 au 1683. Msikiti mkuu wa mji huo nao una nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla, yenye kufanana na nguzo ya kaburi, na wenyeji wamesimulia kwamba ulijengwa juu ya kaburi la shehe. Takwa ilihamwa mwishoni mwa karne ya 17, na watu wake, kwa mujibu wa mapokeo, walihamia Shela, ng'ambo ya mkono wa bahari, katika kisiwa cha Lamu. Lakini hawakuliacha kaburi. Imekuwa desturi ya watu wa Shela kuvuka mara mbili kwa mwaka kuja kuzuru kaburi hilo na kuomba mvua.

Desturi hiyo inageuza mtazamo wote juu ya nguzo. Mji ulikufa, misikiti ikabomoka, na hata hivyo kaburi limeendelea kufanya kazi kwa karne tatu, kwa sababu kuna watu wanaolizuru na kuinua mikono mbele yake. Matokeo ya uchimbaji wa Songo Mnara yanaelekea upande huo. Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, waliofanya kazi huko kuanzia mwaka 2009, walikuta sarafu na vijiwe vyeupe vilivyoachwa na watu kwenye makaburi. Vitu hivyo ni mabaki ya ziara. Makaburi yalijengwa ili yaendewe, na yaliendewa. Fatiha iliyosomwa, ubani uliofukizwa na jina lililotajwa havikuacha alama katika udongo, lakini ndivyo vilivyokuwa nusu ya pili ya usemi huo.

Hapa Muthara inarudi katika hoja. Wameru waliibeba Mbwaa bila jiwe kwa sababu masimulizi yao yalikuwa na vikao, wazee na marika ya kuyapokeza. Watu wa Shela walibeba Takwa wakiwa na jiwe, lakini jiwe hilo lisingewafaa bila safari ya kila mwaka. Tofauti ya jamii hizi mbili, basi, si ya kuandika na kutoandika, kama ilivyozoeleka kudaiwa kila pwani inapolinganishwa na bara. Zote mbili zimeegemea utendaji. Jamii ya pwani iliutegesha utendaji wake juu ya jiwe, na ya bara juu ya rika.

Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba makaburi ya kale ya Waislamu wa pwani yana fani iliyopangwa, msamiati wa ishara unaofungamana na nyumba na ibada, na maandishi yenye muundo uliotangulia ule wa tenzi. Umeonyesha pia kwamba maana yake hutegemea utendaji, na kwamba swali la asili ya nguzo, ingawa lina umuhimu wake kwa mwanahistoria, haliwezi kuchukua nafasi ya swali la matumizi.

Kuna haraka katika jambo hili. Nguzo za Tongoni zimeanguka moja baada ya nyingine, mabakuli ya Kaole yako makumbusho, na makaburi mengi yaliyo nje ya maeneo yaliyohifadhiwa hayana mlinzi. Kuingizwa kwa Gedi katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, baada ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mwaka 1981, kunasaidia kulinda mawe. Hakulindi maneno. Dua za Takwa, majina ambayo wenyeji wanayaita makaburi yasiyo na maandishi, na visa vinavyosimuliwa juu yake ni fasihi simulizi ambayo haijakusanywa kwa utaratibu. Kazi hiyo haiwahusu wanaakiolojia. Inawahusu wanafunzi wa fasihi, na wale waliolelewa bara, penye jadi ndefu ya kuhifadhi bila jiwe, wana ujuzi wa kuifanya usiopungua ule wa wenzao wa pwani. Mwanafunzi atakayekwenda Shela kurekodi yanayosemwa mbele ya kaburi la Takwa atakuwa anaisoma matini ya mwaka 1094 wa Hijria pamoja na wale ambao hawajaacha kuisoma.